Mgomo chuoni, kamera mkononi: mwongozo kwa mwandishi mwanafunzi wa Dar

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandika habari akiwa bado chuoni: Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), DUCE, IFM, CBE, NIT, Ardhi, Muhimbili au chuo chochote cha binafsi hapa jijini. Namlenga yule ambaye bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, likichelewa na watu wakaanza kukusanyika, wenzake wanatafuta maboksi ya kuandikia mabango, yeye anatafuta pa kuchaji simu. Waandishi wa magazeti makubwa wana mhariri, gari na mwanasheria wa kumpigia. Wewe una kitambulisho cha chuo na watu unaolala nao chumba kimoja, na hao hao ndio utakaowaandika. Picha utaipata tu, siku hizi kila mtu anaipata. Kazi ngumu ni kuamua nani aonekane, nani asikike na nani asitajwe, halafu umweleze msomaji ukweli bila kumficha kitu anachostahili kujua.

Hatua ya 1: Sheria isome kabla hakujachafuka

Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kila mtu, yaani mwenye bango, mwenye kamera, na yule anayepita akisema mgomo huu ni upuuzi. Ibara ya 20 inahusu uhuru wa kukutana na wengine. Ibara ya 30 inaeleza mipaka ya haki hizo, na ndiyo atakayokushikia afisa yeyote anayetaka uzime kamera, kwa hiyo nayo isome.

Chini ya Katiba kuna sheria zinazokugusa moja kwa moja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka anayefanya kazi ya uandishi awe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa mwandishi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho, lakini suala la ithibati bado lipo. Kitambulisho cha mwanafunzi hakikupi hadhi ya mwandishi mbele ya polisi. Nenda kwa mkuu wa idara yako, au kwa mhariri wa chombo unachofanyia mazoezi, ukaombe barua yenye mhuri inayosema wewe ni nani na uko kwenye kazi gani. Iombe mapema, kwa sababu mgomo ukishaanza hakuna mkuu wa idara atakayetaka jina lake liwe kwenye karatasi kama hiyo.

Ukitaka kurusha habari kupitia chaneli yako mwenyewe mtandaoni, kumbuka kwamba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inataka leseni kwa maudhui ya habari. Na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukiweka kumbukumbu nzuri za ulivyoithibitisha habari yako, umeshaanza kuandaa utetezi wako.

Waandamanaji nao wana sheria yao. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inataka polisi wapewe taarifa ya maandamano angalau saa 48 kabla. Waulize viongozi wa serikali ya wanafunzi mapema: barua ilipelekwa? Kituo gani? Nani aliipokea? Omba kuiona nakala yenye mhuri na uipige picha. Jioni kila upande utasema lake, na nakala hiyo itakuwa ndiyo kitu pekee kisichobadilika.

Hatua ya 2: Ujue umati umeundwa na nani

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wanaandika "wanafunzi wagoma" kana kwamba wanafunzi ni mtu mmoja.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato makubwa ya mshahara ambayo yangewakuta baada ya masomo. Katikati ya madai hayo lilikuwamo bango lililosema hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, wanafunzi zaidi ya 300 wakafukuzwa, na hadi leo ukiwauliza watu kuhusu 1966 watakutajia bango lile kabla hawajakutajia mshahara. Bango moja likameza mengine yote. Kwa hiyo piga picha mabango yote, hata yale yanayochosha yaliyoandikwa kwa kalamu iliyokauka. Hesabu mangapi yanadai bumu, mangapi yanadai maji hosteli, mangapi yanamtaja mtu kwa jina. Bango kali litumie ukitaka, lakini useme lilikuwa moja kati ya mangapi.

Kisha tafuta watu, na uwatafute kwa makusudi. Mwenye mkopo wa asilimia mia na asiye na mkopo kabisa hawagomi kwa sababu moja, na pengine yule wa pili hagomi kabisa, maana ada yake inatoka kwenye duka la mama yake na kila siku ya kusimama kwa masomo anailipia mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyebakiza mitihani ana hofu ambayo wa mwaka wa kwanza hana. Waulize wanafunzi wa kike wanaoishi nje ya chuo, Changanyikeni au Makongo, wanarudije nyumbani mkutano unapomalizika saa mbili usiku. Mtafute mwenzako asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu umuulize alikuwa wapi watu walipoanza kukimbia. Swali hili sijaona likiulizwa mara nyingi, na majibu yake ni habari inayojitegemea.

Wanafunzi wa kigeni wape nafasi ya pekee katika fikra zako. Mwaka 1971 rais wa umoja wa wanafunzi pale Mlimani, Symonds Akivaga, alikuwa Mkenya. Baada ya kutofautiana na uongozi wa chuo alikamatwa na askari akarudishwa kwao. Mrundi, Mkomoro au Mkongo unayesoma naye leo akinukuliwa kwa jina, kinachoweza kumpata ni zaidi ya kuitwa na mshauri wa wanafunzi: kuna kibali cha ukaazi hapo. Mweleze hivyo kabla hajafungua mdomo, halafu aamue mwenyewe. Usimwamulie kwamba anyamaze, maana naye Ibara ya 18 inamhesabu kuwa mtu.

Wasiotaka kugoma usiwasahau. Kila mgomo una kundi linalopita madarasani kuwatoa wenzao, na kila mgomo una watu wanaoitwa wasaliti kwa sababu walitaka kusoma. Kama kuna aliyetolewa darasani kwa kuvutwa shati, iandike, hata kama wewe mwenyewe unaunga mkono madai. Uhuru wa maoni unaomlinda mgomaji ni huo huo unaomlinda aliyebaki maktaba.

Hatua ya 3: Vifaa

Simu iliyojaa chaji, pawabenki, daftari, kalamu mbili, maji, viatu vya kufunga kamba. Funga simu kwa neno la siri. Alama ya kidole izime siku hiyo, kwa sababu kidole mtu anaweza kukushika na kukiweka kwenye kioo. Zima pia utambuzi wa mahali kwenye kamera. Namba za mhariri, ndugu mmoja na mwanasheria ziandike kwenye mkono kwa kalamu. Watetezi wa haki za binadamu kama LHRC na THRDC, pamoja na Baraza la Habari Tanzania, vyote viko hapa hapa Dar. Namba zao zitafute leo.

Usitegemee mtandao. Intaneti ilikatwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na walioweka kila kitu chao mawinguni walikaa nacho huko huko mawinguni. Beba kadi ya kumbukumbu ya akiba, na mkubaliane na mwenzako mahali pa kukutana na saa.

Hatua ya 4: Jitambulishe, na ujue la kufanya wakikukataa

Watu wengi wakisikia uhuru wa habari wanawaza polisi. Kwenye mgomo wa chuo, wa kwanza kukuzuia mara nyingi ni mwanafunzi mwenzako.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Marekani. Tarehe 9 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Missouri, wanafunzi weusi waliokuwa wakipinga ubaguzi walikuwa wamepiga kambi kwenye uwanja wa chuo. Siku ile rais wa mfumo wa vyuo hivyo, Tim Wolfe, alijiuzulu, na waandamanaji wakaunganisha mikono kuwazuia waandishi wasiingie kambini. Mpigapicha mwanafunzi, Tim Tai, aliyekuwa akiifanyia kazi ESPN, chombo cha habari za michezo, alisukumwa huku akiwaeleza kwamba sheria inayowalinda wao kuwa pale ndiyo inayomlinda na yeye. Mhadhiri mmoja, Melissa Click, alionekana kwenye video akiomba msaada wa kumtoa mwandishi mwingine. Februari 2016 akafukuzwa kazi. Kesho yake baada ya tukio waandamanaji wenyewe walishusha mabango ya kuwazuia waandishi na kugawa vipeperushi vya kuwakaribisha.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuchagua upande. Mimi naona Tai alikuwa sahihi kubaki, na waandamanaji walikuwa na sababu ya kutowaamini waandishi waliokuja siku ya kilele tu, baada ya miezi ya malalamiko ambayo wengi hawakuyafuatilia. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Na kwetu kuna jingine: mwandamanaji wa Dar akifunika uso, huenda anachoogopa ni barua ya kusimamishwa masomo kuliko gazeti lenyewe.

Basi fanya hivi. Ukifika, mtafute kiongozi, mwamkie, mpe jina lako na chombo chako, na umwonyeshe barua yako. Mweleze kwa sentensi moja utafanya nini: "Nitapiga picha za jumla, na nikitaka sura ya mtu nitamwomba." Wakikukataa kwenye mkutano wa ndani, chumbani au kwenye ofisi ya umoja wao, toka, hapo ni pao. Wakikukataa kwenye uwanja wazi mbele ya Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, ambapo kila mtu anapita, baki. Rudi hatua kadhaa, usibishane, usiguse mtu, endelea kuandika daftarini. Ukisukumwa, taja kwa sauti ya kawaida jina lako na kazi yako, halafu tafuta upande mwingine wa umati. Hasira yako usiipeleke kwenye habari. Kusukumwa kwako ni aya moja, tena ya chini.

Usikubali kamwe mambo mawili: kuwaonyesha viongozi habari kabla haijatoka, na kushika bango "kidogo tu" ili upate kuaminiwa. Kama unataka kuandamana, andamana, ni haki yako, lakini siku hiyo mpe mwenzako kamera.

Hatua ya 5: Sura za watu

Kuwa na haki ya kupiga picha hakukulazimishi kuitoa. Piga kwa upana, kisha chagua kwa utulivu. Viongozi waliosimama mbele wakihutubia kwa kipaza sauti wamejiweka hadharani wenyewe. Sura zao zitumie. Aliyeko katikati ya umati, aliyekuja kusikiliza tu, mwonyeshe mgongo, mikono, au bango lake likiwa limemfunika. Kabla ya kutoa picha, ikuze uangalie vitu vidogo: namba ya usajili kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni, namba ya chumba mlangoni, fulana ya idara yenye jina mgongoni. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na jina la mtu likiwa na namba yake ya usajili ni taarifa binafsi bila ubishi.

Mara kwa mara utaambiwa uende laivu. Msimamo wangu ni kwamba usiende. Laivu haikupi nafasi ya kuchagua sura, na anayewatafuta watu anaangalia kama wengine wanavyoangalia. Rekodi, kaa kando dakika kumi, kata vipande, ndipo utume.

Grupu la wasapu la darasa nalo ni mtego. Umo mle kama mwanafunzi, hukuingia kama mwandishi. Kilichosemwa mle kikufungulie macho, lakini usipige picha ya kioo ukaichapisha. Mpigie aliyeandika, mweleze unataka kumnukuu, akikubali aseme upya. Sauti zinazosambazwa bila jina la mwenyewe ziache hadi umjue msemaji.

Kuna habari ambazo sura na jina havitoki hata mwenyewe akikubali kwa haraka. Januari 2013 wanafunzi wa IFM waliandamana kudai ulinzi baada ya wenzao waliokuwa wakiishi Kigamboni kuvamiwa na kuporwa, na kulikuwa na madai ya ukatili wa kingono. Kwenye habari ya namna hiyo kila maelezo unayoongeza, mtaa, mwaka wa masomo, kozi, yanampunguzia mwathirika maficho. Andika kosa, andika kilichofanywa na ambacho hakikufanywa na wenye dhamana, na mwathirika umwache asijulikane kabisa.

Hatua ya 6: FFU (polisi wa kutuliza ghasia) wakifika

Simama ubavuni, ukikaa kati ya askari na wanafunzi, uko mahali pabaya kuliko wote. Jua njia mbili za kutokea kabla hujaanza kupiga picha. Mabomu ya machozi yakirushwa, nenda upande upepo unakotoka, macho usiyasugue, yaoshe kwa maji mengi. Askari akikwambia ondoka, ondoka huku ukimwonyesha barua, na urekodi saa na jina au namba iliyo kifuani mwake.

Hakuna picha inayolingana na uhai wako. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye mkutano wa kisiasa, mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Na tarehe 16 Februari 2018, hapa Kinondoni, mwanafunzi wa NIT Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi akiwa amekaa ndani ya daladala wakati polisi wakitawanya waandamanaji wa chama cha siasa. Hakuwa anaandamana. Kwa hiyo unapohesabu walioumia, hesabu pia wapita njia, mama lishe wa getini na bodaboda wa kituoni, kwa sababu taarifa za pande zote mbili huwa zinawaruka.

Hatua ya 7: Ukikamatwa

Uliza kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka uambiwe sababu ya kukamatwa, na inakupa nafasi ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Toa jina na anwani; maelezo mengine subiri wakili. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma. Ukiambiwa ufungue simu, sema kwa heshima kwamba utazungumza na wakili kwanza. Ndugu yako ajue mapema kwamba siku hiyo akisikia kimya hadi saa fulani, aanze kuulizia kituo cha karibu na chuo, kisha Oysterbay, kisha Kituo cha Kati.

Hatua ya 8: Kuandika

Anza na dai. Vurugu zitajieleza zenyewe kwenye aya ya tatu. Kama dai ni fedha za kujikimu, msomaji ajue zilipaswa kuingia lini, na kama tatizo liko Bodi ya Mikopo, chuoni au benki, kwa sababu kila mmoja humrushia mwenzake. Pigia Bodi, pigia afisa uhusiano wa chuo, na uandike saa uliyopiga. Wakikataa kujibu, barua rasmi ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30. Habari ya leo haitasubiri, ila ya mwezi ujao itaifaidi.

Idadi ya watu usiichukue kwa kiongozi wala kwa kamanda. Hesabu safu kumi, kadiria eneo, na umweleze msomaji ulivyokadiria. Maneno kama "wahuni", "wasaliti" na "mashujaa" yabaki ndani ya alama za kunukuu, na mwenyewe atajwe.

Mhariri wa chombo cha chuo akikwambia habari haitoki kwa sababu uongozi hautafurahi, omba akuandikie. Mara nyingi hataandika, na mara nyingine hapo ndipo hubadili mawazo. Ukiamua kuipeleka kwingine ipeleke kwa chombo chenye mhariri atakayeisimamia. Novemba 1970 jarida la wanafunzi wa Mlimani, Cheche, lilipigwa marufuku. Wanafunzi hawakukaa kimya, na mwaka uliofuata likatoka jingine, MajiMaji. Njia za kuchapisha zimekuwapo kila zama, ingawa wakati ule zilihitaji stensili na mikono iliyochafuka wino.

Hatua ya 9: Wiki zinazofuata

Waandishi wengi huondoka masomo yakirejea, na hapo ndipo kazi yako inapokuwa na faida kuliko ya gazeti kubwa, maana wewe bado upo. Kamati za nidhamu hukaa kimya kimya. Weka orodha ya walioitwa, uliza kila mmoja aliitwa kwa ushahidi gani, na kama ushahidi huo ni picha, jua ilitoka wapi. Ikiwa ni yako, sema.

Utapokea maombi ya kuondoa majina. Yapime moja moja. Kiongozi aliyehutubia mamia kisha akajuta kwa sababu ameahidiwa kazi, jina lake libaki. Aliyenukuliwa kwenye foleni ya chakula bila kuelewa kwamba unaandika, liondoe, na chini ya habari uweke mstari unaosema umefanya mabadiliko na kwa nini. Ukiulizwa na chuo majina ya wale uliowaahidi kuwaficha, jibu lako liwe limeshakubaliwa na mhariri wako kabla ya siku hiyo, na daftari lenye majina hayo lisiwe chumbani kwako.

Zungusha kalenda yako hadi siku bumu linalofuata linapopaswa kuingia. Asubuhi hiyo wapigie wale wale uliowahoji, kuanzia na yule aliyebaki maktaba, uwaulize kama limeingia.